Mirathi ya Umeme

Nyumba ya babu imeshagawiwa. Wazee walikaa, mafungu yakapigiwa hesabu, kila mmoja akasema amekubali. Chini kapata shangazi. Orofa ya kati wamepata ndugu wawili, wakatia ukuta wa mbao katikati ya ukumbi. Juu kapata dada aliyeko Muscat, na tayari amepangisha. Mwashi kafungua mlango mpya, na jiko limeingia palipokuwa stoo ya magunia. Kilichobaki ni umeme, na umeme hakuna aliyeutaja kikaoni. Mita ni moja, iko nyuma ya mlango wa kuchonga, na jina lake bado ni la marehemu.

Mimi ni fundi wa umeme wa Mji Mkongwe, Unguja, na simu za namna hii ndizo zinazonilisha. Nyumba nyingi za huku zilijengwa na tajiri mmoja kwa familia moja. Leo zinakaliwa na familia nne, tano, hata zaidi. Nikitaka kumweleza mwenye nyumba kazi iliyopo, huanza na mirathi, kwa sababu hiyo anaijua, na kwa sababu makosa yanayogombanisha warithi ndiyo hayo hayo yanayounguza waya.

Deni kwanza. Mali ya maiti haigawiwi kabla ya deni lake kulipwa, na deni la nyumba kongwe ni waya zake. Fungua soketi moja ya zamani, uikunje waya kidogo. Kama mpira wake unapukutika kama ufuta wa mkate, usiigawe waya hiyo kwa mrithi yeyote. Ng'oa yote. Najua gharama inauma, lakini kuunganisha fleti mpya kwenye waya ya namna hiyo ni kumrithisha mtoto moto.

Na rangi zina ujanja wake. Zamani tulifuata mtindo wa Kiingereza: nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro. Penye umeme wa njia tatu (three-phase) kulikuwa na nyekundu, njano na buluu, na zote tatu zilikuwa na moto. Siku hizi laivu ni kahawia na nyutro ni buluu, na kwenye njia tatu nyeusi nayo imekuwa laivu. Kijana aliyetoka chuo juzi akikuta waya ya buluu ndani ya ukuta wa babu, atadhani ni nyutro, ataishika. Kwa hiyo kila waya ipimwe kwanza, hata kama rangi yake inaonekana wazi.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti. Usichimbe mfereji mrefu ukutani na kuufunika kwa saruji. Chokaa inapumua, saruji haipumui, na unyevu wenye chumvi utabaki ndani ukila shaba. Pitisha mabomba ya plastiki juu ya ukuta, yanyooke, yapakwe rangi ya ukuta. Kwa lolote linalogusa uso wa nje wa jengo, pita kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Sasa mafungu. Kaa na kila mwenye fleti, mhesabie vitu vyake kwa sauti. Hita ya maji wati 3,000. Birika la umeme 2,000. Kiyoyozi 1,500. Pasi 1,000. Hapo ni wati 7,500, na kwa volti 230 ni kama ampea 33. Zidisha mara nne, kwa fleti nne, unapata ampea 130 hivi. Mtu atakwambia, fundi, hatuwashi vyote kwa pamoja. Ni kweli, siku nyingi. Lakini nenda siku za mwisho za Ramadhani, saa moja kabla ya magharibi: birika liko motoni, kila fleti ina mtu anayekoga, kanzu za Idi zinapigwa pasi, kiyoyozi kinanguruma. Nyumba ipangiwe saa hiyo.

Ndiyo maana nyumba ya fleti nne huwa naiombea ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, umeme wa njia tatu, na kila fleti na mita yake ya TUKUZA, ile ya kulipia kabla, kwa jina la anayekaa au anayemiliki. Mita zote zikae chini pamoja, penye hewa, pasipopigwa na mvua. Kutoka kila mita, waya ya shaba ya milimita 10 za mraba iende moja kwa moja kwenye kisanduku cha breka cha fleti husika, bila kiungo njiani. Ndani ya fleti, taa zipate waya ya 1.5, soketi 2.5, hita iwe na waya yake ya 4 na breka yake peke yake. Na nyutro kuu ya njia tatu ikazwe, halafu ikazwe tena. Ikilegea hiyo, volti 400 zilizo kati ya njia na njia huanza kugawana fleti bila usawa. Wa juu taa zinafifia, wa chini friji inaungua, na kila mmoja anaamini jirani kamfanyia kitu.

Mpaka hapa kazi ni ya kawaida. Kazi ngumu ni taa ya ngazi.

Taa ya ngazi haikuingia kwenye fungu la mtu. Ni balbu moja, wati 9, na nimeshaona ndugu wakisemeshana kwa barua kwa sababu yake. Shangazi mmoja aliniuliza akiwa amekaa barazani, "Fundi, mwanangu, hii taa ya ngazi inakula umeme wa nani?" Nikamwambia ngoja niangalie. Nikapanda juu, nikazima breka zote za orofa ile, nikapima kwa tesita, hakuna moto. Nikalegeza skrubu ya nyutro kwenye kisanduku. Waya ilipotoka tu kwenye tundu lake, shangazi huko chini akabonyeza swichi ya ngazi ili anisaidie kuona, na mkono wangu wa kulia ukarushwa mpaka ukapiga boriti. Vidole viwili vilikaa na ganzi hadi isha.

Fundi aliyetangulia alikuwa amechukua laivu kutoka kwa shangazi chini na nyutro kutoka fleti ya juu, kwa sababu ndiyo waya iliyokuwa karibu na swichi ya juu. Balbu inawaka vizuri kabisa. Lakini umeme unatoka nyumba moja na kurudi kwa nyumba nyingine, na anayezima kwake akidhani yuko salama bado ana moto wa jirani kwenye nyutro yake. Fungu la mrithi lazima liwe na kwenda na kurudi, vyote viwili. Ukimpa mtu laivu yake ukamwazimisha nyutro ya nduguye, hujagawa.

Kosa hili lina dalili, na dalili yake hudharauliwa. Kila fleti inatakiwa kuwa na breka ya kinga ya mshtuko, ile ya miliampea 30, ambayo kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Penye nyutro ya kuazima hesabu hazilingani, basi inaanguka kila taa ya ngazi inapowashwa. Mwenye nyumba anachoka. Fundi anaitwa, anasema breka hii mbovu, anaitoa, anaunganisha moja kwa moja, analipwa. Ndugu yangu fundi, breka ile ilikuwa inakwambia ukweli. Fuata waya mpaka uipate nyutro iliyopotea njia.

Dawa ya taa ya ngazi ni mita ya tano. Weka humo taa za ngazi, taa ya mlangoni na pampu ya maji ya tangi la juu, kisha familia nne zichange sawasawa kila mwezi. Kuna watakaosema mita nzima kwa balbu tatu na pampu ni ubadhirifu. Nawajibu kuwa pampu peke yake huvunja mazungumzo ya ndugu kuliko shamba la mikarafuu.

Usisahau jenereta. Kebo ya baharini iliyoleta umeme kutoka bara ilipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani miezi kama mitatu, na tangu hapo watu wengi wana jenereta uani. Asitokee wa kuichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa waya yenye plagi mbili. Umeme ule hupanda hadi kwenye laini ya nje alipo fundi wa shirika. Kila mwenye jenereta awe na swichi ya kugeuzia, yenye upande wa shirika na upande wa jenereta, isiyoweza kukaa pande zote mbili.

Siku ya kukabidhi, naomba watoto. Mmoja kila fleti, mmoja ngazini. Nazima fleti ya kwanza, nauliza kwa sauti kupitia uwazi wa katikati ya nyumba: nani kazimikiwa? Anatakiwa kuitikia mmoja tu, na kwake isibaki hata taa ya chooni. Nawasha, nazima ya pili, mpaka zote nne. Mwisho nazima fleti zote kwa pamoja. Nyumba nzima inakuwa giza, watoto wanapiga kelele, na taa ya ngazi inabaki inawaka kwa mita yake yenyewe. Shangazi anapanda polepole, mkono kwenye reli, anaitazama balbu ile mpaka kope zinamcheza, halafu anauliza mchango wa mwezi huu ni shilingi ngapi.