Kasida ya Tapeli wa Ajira

Masultani wametungiwa kasida, majahazi yametungiwa, hata mnazi umetungiwa. Tapeli wa ajira, anayehangaika usiku na mchana kwa ajili yetu sisi wa mwambao huu, kutoka Kivinje mpaka Lindi mjini, hajapata hata ubeti. Mimi ni shahidi wake. Tangu nipandishe wasifu wangu mtandaoni, sijakosa mtu wa kunijali.

Fadhila yake kuu ni kwamba anajibu. Msomaji, usiipite haraka. Anajibu! Weka wasifu baada ya magharibi, kabla ya isha barua pepe imeshaingia. Anajibu Ijumaa mchana, saa ambayo ofisi zote ziko msikitini au zimesingizia msikiti. Anajibu siku ya Idi. Muulize kama nyumba ya kuishi ipo, atakwambia ipo na ina kiyoyozi. Ukinyamaza anakujulia hali: mbona kimya ndugu yetu, kwema huko? Ukimtukana, anakurudishia salamu na kukukumbusha tarehe ya mwisho ya malipo. Siku moja nilimwandikia kwa makusudi kwamba shule niliacha darasa la nne na macho yangu hayaoni vizuri. Akajibu: "Hongera, umechaguliwa."

Kilwa iliwahi kuwa na mtu mwenye mkono mwepesi namna hii. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kisiwani mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi. Anasimulia kuwa fakiri mmoja wa Yemen alimkabili sultani akitoka kwenye swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Tapeli wangu kampita: mshahara shilingi 3,800,000 kwa mwezi, gari, na matibabu ya wake wote.

Fadhila nyingine nizitaje tu. Haulizi uzoefu wa miaka mitano. Umri kwake si hoja. Wadhamini hawataki.

Tena ana maono. Barua aliyomletea mpwa wangu ilimteua Afisa Usafirishaji wa mtambo wa gesi wa Likong'o. Nembo juu ya karatasi ilikuwa imevutwa kwa upana mpaka mwali wa moto umelala kama papai. Sote tunajua habari ya Likong'o. Makubaliano ya awali ya mradi ule yalitiwa saini Juni 2022, mabilioni ya dola yakatajwa, na mpaka naandika haya mtambo haujajengwa. Tapeli keshaujenga! Keshaupa idara, keshaweka magari, na sasa anatafuta wa kuyasimamia. Kwa watu ambao gesi yao ya Songosongo ilipatikana 1974 na kuanza kwenda Dar es Salaam 2004, kasi hii si ya kudharauliwa.

Ukurasa wa pili ulikuwa na ada ya kupima macho, shilingi 48,500, mwisho saa kumi jioni. Mpwa wangu akalipa. Hela ilikuwa ya baba yake ya kununulia nyavu. Kabla hajabonyeza namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, mtu mwingine kabisa, si huyo aliyesaini barua. Akauliza, akaambiwa huyo ndiye mhasibu. Mhasibu! Mwizi wa mchana kweupe, anakula hela ya mvuvi, halafu anaandika "Mungu akubariki" chini ya barua. Laana iwe...

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Huyo kijana si mjinga. Ana stashahada, na hesabu zake ni nzuri kuliko zangu. Ila kati ya maombi yote aliyopeleka kwenye ofisi za kweli, hakuna hata moja lililomrudishia barua yenye majina yake matatu. Ofisi hizo huweka mstari mmoja chini ya tangazo, kwamba watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa, na hapo zimemaliza kazi. Akiitwa kwenye usaili, ni Dodoma: apande gari Nangurukuru, alale Dar, nauli yake, chakula chake, arudi asubiri. Najua waombaji ni wengi. Juni 2014 Uhamiaji walikuwa na nafasi 70, watu zaidi ya 10,000 wakajaa Uwanja wa Taifa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, waombaji wakazidi 135,000. Lakini kompyuta inayoweza kupokea maombi 135,000 inashindwaje kutuma majibu 135,000?

Al-Hasan alipofariki alirithiwa na nduguye Daud. Huyo, anasema Ibn Battuta, mwombaji akija alimwambia kuwa mtoaji keshakufa na hakuacha cha kutolewa. Watu walikaa mlangoni kwake miezi, wakaambulia kidogo, mwisho wakaacha kwenda. Bahili, sikatai. Lakini Daud naye alijibu.

Serikali imetupa namba 15040 ya kuripotia namba za matapeli, na tuitumie. Namba ya kuripoti ofisi isiyojibu bado haijatoka. Kwa hiyo nyie maafisa utumishi, mkisoma haya, tuandikieni japo neno moja: hujapata. Hiyo barua tutaiamini bila kuuliza, maana tapeli hajawahi kumwandikia mtu kwamba amekosa kazi.