Namna ya Kurithisha Kiti Ambacho Hakipo

Kwanza, kana. Jumuiya yako ya blokcheni haina mkubwa. Ina wenye tokeni tu, na wewe ni mmojawao. Kwamba nywila ya hazina, ya tovuti na ya Discord zote unazo wewe, hiyo ni sadfa. Mtu akiuliza itakuwaje siku ukifa, mjibu kwamba programu haifi.

Ukichoka, toweka. Njia hii aliichonga Satoshi Nakamoto, muasisi wa Bitcoin ambaye hadi leo hajulikani ni nani. Aprili 2011 alimkabidhi mwandishi mwenzake wa programu, Gavin Andresen, ufunguo wa kutuma tahadhari kwa mtandao mzima, akaaga kwa barua pepe fupi, basi. Hakuna kikao, hakuna soda. Andresen naye akampisha Wladimir van der Laan asimamie programu ya Bitcoin mwaka 2014, na mwaka 2016 wenzake wakamfungia mlango wa kuigusa programu, kwa kuwa alisema anaamini Craig Wright, aliyejitangaza kuwa Satoshi, ndiye kweli. (Mahakama ya London ilikuja kutamka 2024 kwamba siye.) Onja utamu wake: mtu kang'olewa, na hakuna cheo alichovuliwa.

Ukiona kutoweka ni kazi, mpe funguo yeyote anayeonekana mwaminifu. Septemba 2020 mwanzilishi wa SushiSwap, jukwaa la kubadilishana tokeni, aliyejiita Chef Nomi, alibadilisha tokeni za mfuko wa maendeleo zikawa etha za dola milioni 14 hivi. Watu walipopiga kelele, akamkabidhi usukani Sam Bankman-Fried, mwenye soko la sarafu za kidijiti la FTX. Fisi na bucha! Kusema haki, Sam aliupeleka usukani huo kwenye pochi ya saini nyingi, isiyofunguka bila watu kadhaa kutia saini, na siku chache baadaye Nomi akarudisha fedha na kuomba radhi. Miaka 25 ya jela aliyopewa Sam Machi 2024 ni ya ulaghai wa FTX, si ya Sushi.

Nawe fungua pochi ya saini nyingi: tano kati ya saba. Mmoja atakuwa kabadilisha simu, wa pili yuko harusini, wa tatu ni wewe, wa nne ni wewe kwa jina jingine.

Kisha itisha kura ya mrithi, Ijumaa usiku. Watajitokeza kumi na mmoja, na kwa kuwa kura huhesabiwa kwa tokeni, zako zinawazidi wote kumi waliobaki. Mrithi uliyemchagua atashinda kwa asilimia 97. Mpongeze hadharani, na nywila mwambie utamtumia Jumatatu.