Namna ya Kumnyima Mteja Kitambulisho, Akaondoka Akikushukuru

Wewe ni wakili na kamishna wa viapo. Umeitwa Chokocho, Pemba, kushuhudia mauzo ya shamba la mikarafuu. Muuzaji kakaa upande huu wa jamvi, mnunuzi upande ule, sheha katikati. Umegonga muhuri, wino haujakauka, mnunuzi anatoa simu: "Mwanangu, lete kitambulisho chako nikipige picha, nijue kweli wewe ndiye."

Usinune. Kukuhakiki ni haki yake. Kuondoka na namba yako si haki yake. Sogea nikupe njia.

1. Msifu. "Mzee wangu, watu kama wewe ndio hawatapeliwi." Nani asiyependa kuitwa mwerevu mbele ya sheha? Akitabasamu, umefika nusu ya safari.

2. Mpe kizito kuliko alichoomba. Weka cheti chako cha uwakili cha mwaka huu pembeni ya hati, alinganishe jina la kwenye cheti, la kwenye muhuri na la kwenye hati. Mweleze kwa sauti, na jirani wasikie: kitambulisho kinasema umezaliwa lini, hakisemi una ruhusa ya kuapisha watu. Kama bado ana wasiwasi, akaulize Mahakama Kuu. Wakili wa Bara atamkuta kwenye mfumo wa e-Wakili, na huko Bara sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna aandike kwenye kiapo jina lake, mahali na tarehe. Hayo mpe yote, bila kinyongo.

3. Aking'ang'ania, tumia kidole gumba. Simu yake irudi mfukoni kwanza. Hapo ndipo wengi hupitiwa. Kisha shika kadi mwenyewe, picha na jina vionekane, namba ifunike. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanazitafuta usiku na mchana.

4. Kopi ikibidi, andika juu yake: "Kwa hati ya shamba hili tu", na tarehe. Maandishi yapite juu ya picha na namba. Ukiandika ukingoni, mkasi utayamaliza.

5. Lawama itupie Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Muungano inalinda faragha ya kila mtu, na mzee atakayebishana nawe hatabishana nayo mbele ya watu.

Sasa fungua droo yako. Zile kopi za vitambulisho vya wateja zilizolala humo bila kazi nazo zina wenyewe. Zichane. Na kama uliwahi kugawa kopi yako ovyo, piga *106# leo uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.