Mabwana Wakubwa wa Sebuleni

Juzi panya alikatiza jikoni kwangu, hapa Sinza. Paka wangu wawili wakamtazama kwa heshima zote, wakampisha. Wao wana shughuli nyingine: kuangusha glasi mezani huku wamekukazia macho, na kulala. Wataalamu husema paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku. Hawa wa kwangu wanadai na malipo ya saa za ziada. Dagaa nao sharti wawe wa Kigoma. Ukiwaletea wa Mwanza, wananusa, kisha wanaparura sakafu kana kwamba wanafukia kinyesi.

Kule kihambani kwetu Marangu kila mnyama alikuwa na kazi. Ng'ombe hakutoka zizini. Sisi ndio tuliompelekea majani ya kutoka tambarare na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Alilipa maziwa, akalipa samadi, na samadi ikarudi kwenye migomba na kahawa. Mbuzi alitafuna daftari langu la hesabu (sikumlaumu sana), ila Krismasi alilipa deni lote. Paka? Tone la maziwa wakati wa kukamua, basi. Kilichobaki akakitafute darini, kwenye mahindi.

Mama alipokuja kunitembelea aliwakuta hawa wamejinyoosha kochini.

“Mwanangu, hawa ni wa nini?”

“Wananiondolea upweke, mama.”

Akageuka, akamwona mmoja kapanda mezani, kichwa chote kimezama kwenye kopo.

“Naona wameanza na siagi.”