Kinga ya Mguu, au Kinga ya Pointi?

Ufito umeanguka, uwanja mzima umeguna, na mpandaji ameshaanza kumtazama farasi kama shahidi aliyemgeuka mahakamani. Pointi nne za adhabu. Aibu yenyewe inauma: mnyama wa nusu tani amevuka kiunzi cha mita 1.60 na mtu mgongoni, kisha ukwato ukagusa kijiti kilicholazwa kwenye kishikizo chenye kina kifupi, makusudi, ili kidondoke upesi. Kwa kuiogopa aibu hii, vifaa vinavyoitwa kinga za miguu vimepewa kazi ya pili: kulinda pointi. Na kazi hizo mbili zikigongana, anayeumia ni farasi.

Kinga za miguu ya mbele zimebuniwa kwa akili ya kupendeza. Chini ya goti farasi hana misuli ya kusema. Ni mfupa, kano na ngozi. Anapotua, kifundo huzama kuelekea ardhini, na kano ya nyuma ya mguu hunyooka kwa nguvu ya kutisha. Papo hapo ukwato wa nyuma unakuja kwa kasi na unaweza kuichana kano hiyo. Basi gamba gumu, lenye sponji au manyoya ya kondoo ndani, hufunika nyuma na pembeni. Safi kabisa! Ila mbele, kwenye muundi, ambako ndiko ufito hugonga, pameachwa wazi. Wapandaji hawafichi sababu: farasi ausikie ufito, kesho anyanyue miguu.

Watetezi watasema ufito ni mwepesi, haujeruhi, na farasi asiyeusikia atazoea kugonga. Hadi hapo nakubali. Tatizo ni kwamba ukishakubali kero ndogo ifundishe, kero kubwa nayo hubisha hodi. Ushahidi ni kinga za miguu ya nyuma. Zilikazwa, nyingine zikatengenezwa zibane, farasi akarusha miguu juu kwa karaha na watu wakapiga makofi. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilizipiga marufuku zile za kubana kwa awamu hadi 2021; zinazoruhusiwa, ndani pawe laini, urefu usizidi sentimita 16, na vyote vilivyo mguuni visizidi gramu 500. Kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yakifanyika Hong Kong, farasi wanne wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini, kile kiwashacho ndani ya pilipili. Hutuliza maumivu, lakini pia huweza kuifanya ngozi ihisi kupita kiasi. Norway ikapokonywa shaba ya timu. Farasi pilipili hakuila, ikamwasha.

Kinga za mpira za kwato, zenye umbo la kengele, na mkanda wa seruji wenye ngao ya tumbo ili farasi asijichome kwa njumu za viatu vyake mwenyewe, sina ugomvi navyo.

Wengine watasema sheria ya FEI ipo, yamekwisha. Hayajaisha. Sheria hiyo ni ya mashindano. Kwenye uwanja wa mazoezi nyumbani hakuna msimamizi mwenye mizani na rula. Mpandaji mwenyewe huvaa kofia ngumu na fulana ya hewa inayojaa anapochomoka kwenye seruji, na sijasikia aliyependekeza fulana hiyo imfinye mbavu kila anapokosea hesabu ya hatua. Vyama vya mchezo huu vizikague kinga mazoezini pia, na yoyote inayomuumiza aliyeivaa itupwe.