Ujapani Hauko Kwenye Chupa

Mfyuu! Jamani, hivi nani aliyetudanganya kwamba kuku ukimmwagia sosi nyeusi basi keshakuwa wa Kijapani?

Jioni moja hapa kijiweni kwetu Magomeni, kahawa ndiyo kwanza imemiminwa na kashata zinazunguka, fundi baiskeli akatuletea kilio chake. Kaenda hoteli moja mjini, kaagiza yakitori, kuku wa kuchoma wa Kijapani, kaletewa mapaja mawili yaliyokaangwa, yameloa sosi ya chupa mpaka nyama haionekani. Nje yameungua, kwenye mfupa damu bado inachuruzika. Kalipa, kaondoka, na sasa anatutangazia: "Yakitori ni mishkaki iliyokosa pilipili. Hamna kitu pale!"

Nikaweka kikombe chini. Hapana, kaka. Ulichouziwa sicho, na kwa hili sinyamazi, maana yakitori naipika nyumbani kila Jumapili. Anayeiharibu anatuharibia wengi.

Tuanze na Wajapani wenyewe. Yaki ni kuchoma, tori ni ndege. Kwa chakula hiki, kuku. Japani kuku hakuwa kitoweo cha kila siku. Huko nyuma, mwaka 675, mfalme wao Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, kima na kuku kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Hata katika enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912, kuku alikuwa nyama ya wenye uwezo. Sasa wachuuzi wa vibandani wakafanya nini? Wakachukua yale yaliyobaki kwenye migahawa mikubwa, firigisi, gegedu, ngozi na vipande vya pembeni, wakayatunga kwenye vijiti, wakayachoma, wakayapaka mchuzi mtamu na kuwauzia watu wa kipato kidogo. Kuku wa nyama wa kisasa walipoenea miaka ya 1960 na bei kushuka, ndipo yakitori ilipoingia kila mtaa. Umesikia, fundi? Chakula hiki kimezaliwa kijiweni, kama sisi. Hakikutengenezwa kwa chupa ya bei mbaya. Kimetengenezwa kwa kisu, moto na subira.

Kisu kwanza. Sisi kuku tunamgawa paja, kidari, kipapatio, basi. Mchoma yakitori anamsoma kuku mzima kama msahafu. Nyama ya paja inaitwa momo, ngozi ni kawa, firigisi ni sunagimo, moyo ni hatsu, ini ni reba, na ule mnofu wa mkiani wenye mafuta ni bonjiri. Kila kimoja kina kijiti chake, kwa sababu kila kimoja kina muda wake wa kuiva. Ini likikaa motoni kama paja linakuwa chaki. Ngozi ikitolewa mapema kama ini inatafunika kama mpira. Ukivichanganya kwenye kijiti kimoja, lazima kimoja kionewe.

Mimi huanza na paja. Nalitoa mfupa, nalikata vipande vya sentimita tatu hivi, vyote vikilingana, kisha nakata kitunguu cha majani, ile sehemu nyeupe iliyonona, kwa urefu uleule. Nyama, kitunguu, nyama, kitunguu, nyama: hiyo ndiyo negima, na ndiyo ya kuanzia kwa anayejifunza. Vijiti vya mianzi vimelala majini nusu saa. Kijiti kinapita katikati ya kila kipande, na vipande vinabanana, visiachiane nafasi, maana kijiti kikibaki wazi kinaungua na nyama inaanguka jivuni. Na tumia kuku aliye mdogo. Jogoo wa kienyeji aliyezeeka ni wa supu. Moto huu wa haraka haumlainishi. Wajapani nao wana kuku wao wa asili, jidori, lakini wanamchinja angali laini: sheria yao inataka afugwe angalau siku 75, si miaka mitatu.

Haya, moto. Hapa ndipo wengi wanaponiudhi. Mkaa unawaka ndimi, moshi unafuka, na mtu keshatandaza nyama! Ebo! Unachoma nyama au unakausha samaki? Wajapani wana mkaa wao, binchotan, wa mti wa jamii ya mwaloni, na ule wa Wakayama ndio wenye sifa kubwa. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Unatoa joto kali lililotulia, moshi kidogo sana. Wa kwetu haulii hivyo, lakini unafundishika: chagua vipande vikubwa vigumu, uwashe, usubiri mpaka vivae ujivu mweupe na ndimi zife. Ukiweka kiganja juu, joto likusukume bila moshi kukuchoma macho. Hapo tayari.

Halafu ondoa wavu. Ndiyo, ondoa. Jiko la yakitori ni jembamba na refu. Kijiti kinaegemea kingo mbili na nyama inaning'inia juu ya mkaa bila kugusa chuma. Mimi nimelaza vipande viwili vya nondo safi juu ya jiko langu, basi, kazi imekwisha. Nyama haigandi, haichaniki, nageuza kila mara. Mafuta yakidondoka na ndimi zikiinuka, nashika kipepeo cha ukindu, napuliza ndimi zilale. Mjapani naye ana kipepeo chake, uchiwa, na hakiachi mkononi.

Sasa hiyo sosi mnayoililia. Kwanza mjue kuna njia mbili. Ya shio ni chumvi peke yake, na firigisi, ngozi na kidari vinaipenda. Ya tare ndiyo ya mchuzi: sosi ya soya, mirin ambayo ni kileo kitamu cha mchele, sake ambayo nayo ni kileo cha mchele, na sukari. Kwa sisi tusiogusa kileo, mimi huchemsha kikombe kimoja cha sosi ya soya, robo tatu ya kikombe cha maji, nusu kikombe cha sukari, tangawizi na majani ya kile kitunguu. Naongeza mifupa ya paja niliyoichoma mpaka ikawa kahawia. Moto mdogo, mpaka ipungue theluthi na kushika mgongo wa kijiko. Haijawa tare kamili ya Tokyo, lakini ni tamu na ni halali.

Na sikieni hili vizuri: mchuzi unakuja mwisho! Sukari inaungua haraka kuliko kuku kuiva. Ukimlaza kuku kwenye sosi usiku kucha halafu ukampeleka motoni, utapata kilekile alicholishwa fundi, makaa nje na damu ndani. Choma mpaka nyama iive kabisa, mpaka kisu kikipita maji yatoke meupe. Ndipo uchovye, urudishe motoni kidogo, uchovye tena, urudishe. Mara ya tatu inang'aa, na harufu inafika kwa jirani wa tatu. Mchuzi uliobaki uchemshe tena kabla ya kuuhifadhi kwenye friji.

Msisahau mboga, maana vibanda vya yakitori havimwachi mtu ale nyama tupu. Bamia nzima, uyoga, pilipili hoho, bilinganya iliyokatwa nene: paka mafuta kidogo, nyunyiza chumvi, tunga, choma. Bamia iliyopasuka ngozi kidogo motoni haina ule mlenda unaowakimbiza watoto. Wangu wanagombania.

Anayeishi ghorofani na gesi yake asijitetee. Katika mji wa Imabari, mkoa wa Ehime, yakitori yao inapikwa juu ya bamba la chuma, hata kijiti hakuna. Kuku anabanwa kwa chuma kizito mpaka ngozi iwe kavu na ya kukatika. Kikaango kizito na sufuria ndogo ya kukandamizia vinakutosha.

Basi Jumapili iliyofuata nikamwita fundi nyumbani. Sikubishana naye. Nilimpa kigoda karibu na jiko, nikamkabidhi kipepeo, nikamwambia apepee ndimi zikiinuka tu. Alikaa dakika ishirini anautazama mkaa. Nikamtolea kijiti cha firigisi, chumvi tupu na kipande cha limau, bila tone la sosi. Akatafuna polepole, akatazama kijiti kitupu.

"Hii nayo ni Kijapani?" akauliza.

"Hii ndiyo yenyewe," nikamjibu.

Akashika kipepeo tena bila kuambiwa, akavuta kigoda karibu na moto.