Bado Digrii Moja Achemke

Kipimajoto kilimfikia shangazi Tanga ndani ya furushi kutoka Marekani, kimesokomezwa katikati ya soksi. Siku mjukuu alipoamka mnyonge, shangazi akampachikia kwapani, akangoja, akasoma: 99. Alipiga ukunga, majirani wakajaa uani.

"Maji yanachemka mia! Mtoto kabakiza moja!"

Mmoja akaja na beseni la maji baridi, mwingine na majani ya mwarobaini, wa tatu akatoka mbio kutafuta bodaboda. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anatafuna andazi.

Kile kipimo kilikuwa cha Fahrenheit. Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9: mtoto ana 37 na ushee za Selsiasi, yu mzima kabisa. Lakini nenda kamweleze hesabu hiyo mtu aliyeinua beseni!

Vurugu zilipotulia, shangazi akataka kumjua mwenye balaa hili. Nikamwambia: Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vipimajoto. Mwaka 1724 alieleza kuwa sifuri yake ameipata kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, na joto la mtu mwenye afya, mdomoni au kwapani, akalipa 96.

"Kwa nini 96? Mia ilimfanya nini?"

Hapo ningenyamaza, ila uchokozi ukanizidi. Nikamtajia Réaumur, Mfaransa, ambaye kwake maji huchemka kwenye 80. Kwa kipimo hicho mjukuu hafiki hata 30. Kisha Delisle, aliyekuwa Urusi, ambaye sifuri yake ndiyo maji yanayochemka, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo namba inavyopanda, hadi barafu kwenye 150. Homa ikipanda, namba inashuka! Hata Celsius wetu huyu, mwaka 1742, aliipa barafu 100 na maji yanayochemka 0. Wenzake ndio waliokuja kukipindua kipimo chake baadaye.

"Na hawa walisoma?" shangazi akauliza.

Juzi furushi jingine limeingia, safari hii lina maelekezo ya kuoka keki: oveni iwe 350. Oveni ya shangazi mwisho wake ni 250. Nilikuwa nimeshashika kalamu nitoe 32, akanipokonya. Keki ataioka kwa mkaa, moto chini, moto juu. Digrii wabaki nazo wenyewe.